Mlango Mmoja wa Maranda

Hapo zamani, zamani ile ambayo wazee huikumbuka wakitaka na kuisahau wakitaka, palikuwa na mji uliokaa nusu mlimani na nusu bondeni. Wa juu waliita kwao Roshani. Wa chini waliita kwao Maranda, kwa sababu kila ulipokanyaga ulikanyaga maranda ya mbao. Sogeeni karibu. Na wewe uliyeegemea ukuta, kaa vizuri, hadithi hii haina usingizi ndani yake.

Watu wa Maranda kazi yao ilikuwa moja: kutengeneza milango. Wanaume walichonga, wanawake walipiga msasa, watoto walibeba. Walichonga milango ya maua, milango ya minyororo, milango ya samaki na mitende, na kila mlango uliokamilika Maranda ulipandishwa Roshani. Maranda kwenyewe hakukuwa na mlango hata mmoja.

Hukusikia vibaya, ndugu yangu. Hata mmoja. Kila nyumba ilikuwa na uwazi, na kwenye uwazi lilining'inia gunia.

Ukiuliza kwa nini, ulielekezwa kwa Fundi Ngwali. Huyo ndiye aliyekuwa mkubwa wa mafundi, mzee mwenye vumbi la mninga kwenye ndevu na kidole kimoja kilichokatwa na tezo. Angekuambia huku kifua kiko mbele: "Sisi ni mafundi, bwana. Mlango ni wa mtu mwenye cha kuficha. Fundi akijitia mlango, watu watauliza anaficha nini. Huu ni uungwana wetu, tumeachiwa na wazee." Na watu wote wangeitikia, "Kweli, Fundi." Jirani mmoja aliwahi kusimamisha vibao viwili kwenye uwazi wake mvua ilipozidi. Hawakumsalimia mpaka alipoviondoa.

Mbao zilitoka kwa Bwana Karama wa Roshani. Msitu wote wa mlimani ulikuwa wake. Aliurithi kwa baba yake, na baba yake aliurithi kwa babu, na babu aliupata vipi, watu wenye adabu hawaulizi. Bwana Karama alikuwa mtu mwema. Alisema hivyo mwenyewe, mara nyingi, na nani angemjua kuliko anavyojijua?

Sasa, mvua zikianza, fisi huteremka. Hupita Roshani kwanza, hukuta milango, huendelea na safari mpaka penye magunia. Siku zote walichukua kuku, mara bata, na watu wakasema ndiyo mvua hiyo, utafanya nini. Lakini mwaka ninaousema, fisi aliingia nyumbani kwa Bi Pili jua halijazama sawasawa. Bi Pili alikuwa uani anapuliza moto. Mwanawe Kombo, aliyekuwa bado ananyonya, amelala mkekani. Fisi alimkamata mguu akaanza kutoka naye. Bi Pili alimkimbilia na kijinga cha moto, akamchoma nacho usoni mpaka akaachia. Mtoto alipona. Mguu haukupona. Nalisema haraka jambo hili kwa sababu sipendi kulisema.

Bwana Karama alisikitika mno. Alimtuma msimamizi wake na zawadi ya pole: gunia jipya. Gunia zito, la katani, pindo zake zimeshonwa kwa uzi mwekundu. Bi Pili alilipokea kwa mikono miwili akamshukuru, na Fundi Ngwali akasema hajapata kuona gunia zuri namna ile maishani mwake.

Palikuwa na mtu mmoja hakulisifu gunia. Naye ni Bi Mwanamvua.

Bi Mwanamvua alikuwa ametumika Roshani tangu usichana wake, nyumbani kwa akina Karama. Kazi yake ilikuwa kufungua mlango mgeni akibisha, na kuufunga mgeni akishaingia. Mgongo wake ulipokataa, walimrudisha Maranda na shukrani nyingi. Watoto walishinda kwake mama zao wakiwa kwenye msasa. Hakuwafundisha kusoma, maana mwenyewe hakujua. Aliwalisha uji kidogo, akawafundisha kukaa kimya mwenzao akisema, na alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wakubwa: alikuwa anauliza.

"Watoto, kwa nini watu wa Roshani wana milango?"

"Wana bahati, Bibi."

"Mungu kawapa."

"Wanafanya kazi kwa bidii," alisema mmoja aliyefunzwa vizuri kwao. "Baba anasema wanaamka mapema."

"Baba yako anaamka lini?"

"Jogoo hajawika."

"Na Bwana Karama?"

Mtoto akafikiri. "Sisi tukipeleka mlango asubuhi, tunaambiwa tusipige kelele, bado amelala."

"Haya," alisema Bi Mwanamvua. "Kunyweni uji."

Kati ya watoto hao alikuwepo Siwema. Siwema hakuwa na baba wala mama. Aliishi na bibi yake asiyeona, ambaye alipiga msasa kwa kupapasa na hakuacha hata kibanzi kimoja. Siwema mwenyewe alikuwa mwembamba, mkimya, mwenye macho yasiyobanduka juu ya kitu. Kama kuna mtoto usiyetaka akutazame unapodanganya, ndiye huyo.

Ikatokea Bwana Karama kuagiza mlango mpya wa mbele. Ule wa zamani alisema umepitwa na wakati. Fundi Ngwali na wenzake wakachonga mlango ambao hata mimi ninayewasimulia sina maneno yake. Siku ya kuupeleka, watoto wakauinua, kata za kitambaa vichwani, wakaimba njia nzima kama ilivyokuwa desturi. Na desturi ilikuwa hivi: mlango unawekwa baraza ya mbele, halafu watoto wanazunguka nyuma, jikoni, wanapewa maji ya sukari, wanarudi kwao. Safari hii Bi Mwanamvua alifuatana nao, mgongo umepinda, fimbo mkononi.

Walipofika akawaambia, "Mkizunguka, nendeni polepole. Tafuteni kila chenye mlango. Msishike kitu cha watu. Macho tu."

Watoto walidhani ni mchezo. Waliporudi Maranda walikuwa wanasukumana kila mmoja aseme kwanza.

"Bibi, kabati la sahani lina mlango!"

"Jiko lina mlango, na ndani yake ghala lina mlango, na ndani ya ghala sanduku la unga lina mlango!"

"Kuku wana mlango!"

"Mbuzi wana mlango, Bibi, una bawaba za shaba!"

"Mbwa ana kijumba, kina kijilango, kina nakshi ya samaki!"

Wakacheka mpaka wakashika matumbo. Mbwa na nakshi! Bi Mwanamvua akawaacha wacheke. Walipochoka akauliza, "Kijilango cha mbwa nani kakichonga?"

"Babu Fundi Ngwali."

"Fisi akifika kwa mbwa, anakuta nini?"

"Mlango."

"Akifika kwa Kombo?"

Mdogo mmoja akaanza kulia bila kujua hasa analia nini. Siwema hakulia. Aliuliza yeye, na ilikuwa mara ya kwanza kuuliza badala ya kuulizwa: "Bibi, uungwana wetu nani alituambia ni uungwana?"

Bi Mwanamvua akawaambia alilolijua. Babu yake Bwana Karama, alipoanza kuwapa watu wa bondeni mbao za kuchonga, aliogopa wasije wakaiba ubao. Kwa hiyo akapiga marufuku milango, ili askari wake wakipita wachungulie ndani wanavyotaka. Askari walikufa, marufuku ikasahaulika, watu wakabaki na uwazi, na kwa kuwa mtu hapendi kukaa na aibu isiyo na jina, wakaiita uungwana. Bi Mwanamvua aliyasikia hayo kwa masikio yake: mzee mwenyewe aliwasimulia wageni wake huku anacheka, na yeye amesimama pembeni ameshika komeo la mlango.

Maneno yana miguu. Jioni ile ile Fundi Ngwali alifika kwa Bi Mwanamvua, ndevu zinamtetemeka.

"Bi Mwanamvua, unawatia watoto wivu."

"Wivu ni kutaka cha mwenzio, Fundi. Hawa wanataka ulichokichonga wewe."

"Walikuwa wameridhika!"

"Walikuwa hawajatazama."

"Na sasa wametazama, umewapa nini? Jana walikula uji wakashiba. Leo wanakula uji ule ule, nao umekuwa mchungu. Hiyo ndiyo hisani yako?"

Nasema kweli, jibu la hapo mimi sina. Fundi alipoondoka, Bi Mwanamvua aliwaita watoto akawaonya: "Mliyoyaona mmeyaona. Lakini nyamazeni mpaka wakubwa wenu nao waone. Mkisema peke yenu mtaumizwa nyinyi." Watoto wakaahidi. Siwema pia aliahidi.

Ikafika siku ya kuzindua mlango. Naam, mlango ulizinduliwa! Ulifungwa utepe, wageni wakaalikwa kutoka miji ya mbali, wali ukapikwa wa nyama na zabibu, na watoto wa Maranda wakapangwa mstari mbele ya baraza, wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa. Wazee wao walisimama nyuma. Baada ya wimbo, kulikuwa na desturi nyingine, na watu wa Roshani waliipenda kuliko zote. Bwana Karama huuliza kwa sauti kubwa, "Watoto wangu, mna haja gani?" Na watoto hujibu pamoja, "Hatuna haja, Bwana, ila afya yako." Wageni hufuta machozi. Halafu watu wanakwenda kula.

Bwana Karama akasimama. Kanzu nyeupe pee, mkono kifuani. "Watoto wangu! Mna haja gani?"

Watoto walifumbua midomo, na kabla sauti haijatoka, Siwema akasema peke yake.

"Tuna haja, Bwana. Tunaomba utugeuze mbuzi wako."

Wageni wakacheka. Katoto kazuri haka! Bwana Karama naye akacheka, akainama, akauliza kwa upole wa mtu anayetazamwa, "Kwa nini, mwanangu, unataka kuwa mbuzi?"

"Mbuzi wako wana mlango."

Kicheko kikaendelea kidogo, kisha kikapungua, kisha kikabaki kwa mtu mmoja mwenye masikio mazito, mpaka mkewe akamfinya. Mgeni mmoja akageuka akatazama chini bondeni, akaona nyumba na magunia yake. Wa pili naye akatazama. Bwana Karama aliwaona wanavyotazama. Jasho likamtoka, na aliyewahi kusimamia shughuli kubwa anajua jasho lile.

Lakini hakuwa mjinga. Aliinua mikono. "Nani kasema watu wangu hawana mlango? Huu wa zamani niliouondoa, ni wenu! Nawapa, kwa moyo mmoja! Mpelekeeni anayestahili." Wageni wakapiga makofi kwa nguvu, maana walikuwa na njaa na sasa wangeweza kula bila kutazama bondeni.

Mlango wa zamani ukateremshwa Maranda, ukaegemezwa kwenye ukuta wa karakana. Na mwisho wa mambo ungekuwa hapo, tungelala zetu.

Kesho yake akaja msimamizi. Hakuja na mbao. Alikuja na maneno. "Bwana anasema, kwa kuwa macho yenu yamefunguka, yapumzisheni. Hakuna mbao. Lakini Bwana ana huruma. Siku mlango ule utakapotiwa bawaba kwa Fundi Ngwali, mtu mzima, mwenye heshima zake, mbao zitashuka siku hiyo hiyo. Ukitiwa kwa mwingine yeyote, tutaonana mkishajifunza adabu."

Basi karakana ikanyamaza. Randa zikalala. Vyungu vikaanza kupikiwa maji na majani. Siku moja kisimani, mbele ya watu, Bi Pili alimkamata Siwema akamcharaza mgongoni kwa kamba ya ndoo. "Umetuua! Mdomo wako umetuua!" Siwema hakukimbia. Alisimama mpaka mama yule alipochoka, na Bi Pili alipochoka aliketi chini akalia kuliko aliyepigwa.

Mawingu yakaanza kukusanyika mlimani. Watu wakakutana karakana mchana, watu wazima na watoto, na mlango umeegemea pale pale, kuku amekwishaugeuza pahali pa kukaa. Wazee wawili walitaka urudishwe na radhi iombwe, wakazomewa. Akasimama mmoja, na kila baraza ina mmoja wa namna yake, akasema ukatwe vipande kila nyumba ipate ubao. Wakamwambia akae.

Fundi Ngwali akasimama.

"Mlango ni wangu," alisema.

Watu wakashangaa. "Fundi, si wewe uliyesema mlango ni wa mwenye cha kuficha?"

"Mila inakwenda na wakati," alijibu Fundi, bila hata kupepesa. Watu wakaguna. Akainua mkono wenye kidole kisichokuwepo. "Gunini, lakini nisikilizeni. Mlango huu niliuchonga mimi. Nilikuwa kijana, sijaoa. Kidole changu kilikatika kwenye ua hili hapa, chini ya bawaba. Njooni mtazame, doa la damu lipo mpaka leo, wanadhani ni rangi ya mti. Nimeuchonga, nimeupandisha, nimeutia bawaba kwa mikono hii. Na sijapita ndani yake hata siku moja. Nilizungushwa nyuma nikapewa maji ya sukari." Akaupapasa mlango, akawageukia. "Na tena, mkinipa mimi, kesho mbao zinashuka. Nyote mtakula. Mkimpa mwingine, mtu mmoja atalala salama na Maranda nzima italala njaa. Niambieni ubaya wangu uko wapi."

Hata waliomchukia walisikia harufu ya ugali katika maneno yale.

Bi Mwanamvua akajikongoja mpaka mbele.

"Mlango huu ungekuwa juu mpaka sasa kama watoto wasingetazama," alisema. "Na wasingetazama kama nisingewaambia watazame. Nipeni mimi. Si kwa ajili ya mgongo wangu huu mbovu. Mvua zikishika, watoto wote wa Maranda watalala kwangu, nitatia komeo, na hakuna fisi atakayeonja mguu wa mtu. Fundi atawapa chakula, sikatai, na mbao atazichonga, zitapanda juu, na mwakani mtakuwa hapa hapa mnasifu magunia. Mimi nitawapa watoto wenu wakiwa wazima."

"Na huko kwako usiku utawaambia nini?" aliuliza mtu.

"Nitawauliza maswali."

Wengine wakacheka, wengine wakakunja uso. Lakini Bi Pili, aliyekuwa amekaa nyuma na Kombo mapajani, alisema bila kusimama, "Mambo ya babu yake Karama uliyajua tangu lini?"

Bi Mwanamvua akatazama fimbo yake. "Tangu nilipokuwa msichana."

"Ukanyamaza."

"Nilikuwa nakula kwao, Bi Pili."

"Ulinyamaza mpaka walipokufukuza. Ungesema siku ile uliposikia, leo mwanangu angekuwa na mguu."

Bi Mwanamvua alikaa chini pale pale aliposimama, kwenye maranda, na watoto wawili wakaenda wakakaa ubavuni mwake.

Ndipo Siwema akasogea. Bibi yake asiyeona alimshika nguo kumrudisha, akajinasua.

"Bibi Mwanamvua alinifungua macho, ni kweli," alisema. "Lakini aliniambia ninyamaze. Babu Fundi ameuchonga, ni kweli. Lakini aliuchonga ukakaa kule juu tangu ujana wake, na haukushuka kwa kuchongwa. Umeshuka kwa kuombwa, na aliyeuomba ni mimi. Nilipokuwa kimya mlikuwa na kazi na hamna mlango. Niliposema mmepata mlango na hamna kazi. Lawama za kazi kukatika zote mmenipa mimi. Nimepigwa kisimani hamkusema kitu. Watoto wenu hawachezi nami. Bibi yangu hapewi tena msasa hata wa kuazima. Basi kama lawama ni yangu peke yangu, na mlango nao ni wangu peke yangu. Hamwezi kunipa kimoja mkaninyima kingine."

Mtu mmoja akasema, "Lakini mtoto, ulivunja ahadi. Ungengoja wakubwa."

"Nilingoja," alisema Siwema. "Siku ya sherehe niligeuka nikawatazama mlivyosimama nyuma yetu. Nyote mlikuwa mnatabasamu."

Mwisho akasimama Bi Pili. Hakwenda mbele. Alifunua kanga na kuonyesha mguu wa Kombo, au pale ulipokuwa mguu.

"Mimi sina maneno," alisema. "Sikuchonga. Sikuuliza. Sikuomba. Walipoleta gunia nilishukuru, na huyu binti aliposema nilimpiga. Najua nilivyo. Lakini fisi anajua nyumba yangu. Ameshaonja, na kila jua likishuka huyu mtoto hutazama gunia likitikisika akaanza kupiga kelele kabla ya upepo kupita. Bi Mwanamvua anasema nimpelekee akalale kwake, na mimi nimnyonyeshe vipi, nikiwa ng'ambo ya mlango? Nyie mnaulizana nani amefanya nini. Mimi nawauliza nani ataliwa kwanza."

Mtu mmoja, mwenye hekima nyingi na nyumba ya mbali, akasema kwamba fisi hawezi kurudi mahali pale pale. Bi Pili akamwambia, "Basi tubadilishane nyumba." Mtu yule akatafuta kitu cha kutazama chini.

Wakati huo huo, na hili ninaapa ndivyo lilivyokuwa, msimamizi wa Bwana Karama akatokea tena, amebeba kibao kidogo cha shaba na misumari. Kwenye kibao pameandikwa: *Hisani ya Karama.* Akasema Bwana hajali sana mlango utakwenda kwa nani, ingawa maneno yake ya mbao yako pale pale, ila kibao kipigiliwe juu kabisa, usawa wa macho, na watoto waje kuimba. Maana, alisema, tukiwa wakweli, anayestahili kwanza ni aliyetoa.

Kwa mara ya kwanza siku hiyo watu wa Maranda walikubaliana. Walimtazama wote pamoja mpaka akaweka kibao chini polepole na kuondoka kinyumenyume. Kisha wakageukiana, na ugomvi ukaanza upya pale ulipoachwa.

Nami nawaacheni nao hapo hapo. Lakini najua mlivyo, kwa hiyo niwazibie njia mapema. Wewe unayetaka kuniambia wachonge milango mingine: mbao za nani? Wewe unayetaka kuniambia wote wapewe: nimesema mlango ni mmoja, acha ukarimu wa vitu usivyokuwa navyo. Na wewe kijana unayefurukuta, unayetaka kusema wapande Roshani wakang'oe mlango wa mbuzi, sawa, si neno baya, ila simama kwanza tukuone, tujue utatangulia.

Hakuna aliyesimama. Nilidhani hivyo.

Basi fikirini mkiwa mmekaa. Kila mmoja wenu amefunga mlango kwake kabla ya kuja hapa, ndiyo maana mna utulivu wa kufikiri. Kule Maranda, tone la kwanza la mvua limeshaanguka. Kuna aliyeuchonga kwa kidole chake akazungushwa nyuma, na akipewa yeye wote wanakula. Kuna aliyewafungua watoto macho, baada ya kufumba yake muda mrefu. Kuna aliyesema wakubwa wakitabasamu, akapigwa. Na kuna mama aliyempiga, ana mtoto wa mguu mmoja, na gunia lake zuri la pindo nyekundu linatikisika.

Je, nani alistahili mlango?